Kiwanja Kilichonunuliwa Unga Ukiwa Umeumuka

Siku mumewe alipohama, tanuri liliwashwa kama kawaida. Mume huyo ndiye aliyeliwasha. Alipanga kuni, akasubiri moto ushike, akanawa mikono, kisha akabeba sanduku lake na kwenda.

"Hatukugombana," anasema mwoka mikate huyu, ambaye mtaa mzima humwita Mama Tanuri. "Tulichokana tu. Hata nguo huchakaa bila kuchanika."

Ni asubuhi, miezi saba baadaye. Amesimama uani mbele ya tanuri la matofali, uso unang'aa kwa joto, akitoa mikate kwa koleo refu la mbao. Kuni anapasua mwenyewe siku hizi. Kigogo alichokuwa akikalia mume bado kipo kando ya mlango. Wateja hukizunguka. Hakuna anayekikalia.

Huoka mikate mia na ishirini kwa siku, na ndiyo iliyosomesha mabinti wao wawili. Sasa wanaachana kisheria na mali lazima igawanywe. Hofu yake ilikuwa moja: tanuri halibebeki. Kiwanja kikienda, nalo limekwenda.

Kwa hiyo kila alipomaliza kuuza alivua aproni, akaenda ofisi ya msaada wa kisheria. Alipeleka cheti cha ndoa, picha za ujenzi na risiti za matofali. Karani, dada mmoja mwenye ulimi mwepesi, aliichukua hati ya mauziano ya kiwanja, akaigeuza mbele na nyuma.

"Mama, jina lako liko wapi?"

"Halipo."

"Siku ya kutia sahihi ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa na unga."

"Unga!"

"Ulikuwa umeumuka, mwanangu. Muuzaji alikuja kabla ya saa tuliyoagana. Ningeuacha ungechacha, na wateja wangekula nini, hati? Nikamwambia baba watoto, nenda katie sahihi, si ni kitu kimoja?"

Wakati ule kilikuwa kitu kimoja.

Karani alimweleza kwamba mume akikubali kwa kiapo kuwa walinunua pamoja, kazi itakuwa nyepesi. Akikataa, itabidi watafutwe mashahidi, na muuzaji alikwisha fariki.

"Kesho yake mikate yangu iliungua," anasema akicheka. "Mtaa mzima walijua nina jambo."

Mume alifika ofisini Alhamisi, amevaa shati lililopigwa pasi na mtu asiyeijua pasi.

"Mama watoto, umepungua."

"Kupasua kuni si mchezo. Wewe hujapungua, naona."

"Nanunua mkate wa dukani. Ni upepo mtupu."

Karani akaanza kuwasomea kiapo alichokiandaa. Alipofika penye maneno "mke alichangia ununuzi wa kiwanja," mume aliinua mkono.

"Futa hapo, dada. Kuchangia ni kwenye harusi za watu. Huyu hakuchangia. Andika tulinunua."

"Una hakika, mzee? Ukishaapa hakuna kurudi nyuma."

"Miaka kumi na tisa nimekula moshi wa tanuri lile. Pesa za kiwanja zilikuwa zinanukia mkate. Andika."

Mama Tanuri aligeukia dirishani.

"Nilitaka kumshukuru," anakumbuka. "Nikajikuta nasema, 'Kola yako imekunjamana.' Akanijibu, 'Ninalo shati jingine baya kuliko hili.' Tukacheka mpaka karani akatuuliza kama kweli tunaachana."

Kweli wanaachana. Wamekubaliana mume achukue nyumba ya mbele ya kiwanja hicho, aipangishe. Mama Tanuri abaki na tanuri na vyumba viwili vya uani. Anataka kufungua dirisha la kuuzia upande wa barabara ya nyuma, na kumwajiri mtu wa kupasua kuni.

"Mgongo huu umeshanidai vya kutosha," anasema, akisukuma mikate mingine ndani.

Makaratasi yamepokelewa mahakamani, yakiwa na majina yote mawili. Hakimu atawasikiliza mwezi ujao. Baada ya hapo fundi atajenga ukuta katikati ya ua. Matofali yameshashushwa.