Nilimwita shemeji mwizi wa mazout sokoni, kumbe mwizi wa nguvu za gari nilimfunga mwenyewe chini ya injekta

Wakuu, salaam.

Nimesoma uzi wa jamaa ambaye gari lake la dizeli linatoa moshi, naye kakimbilia kulaumu aliyemuuzia mafuta. Nimecheka, halafu nimekasirika, maana nimejiona mimi wa zamani.

Nasimulia yaliyonipata. Pale ninapoonekana mjinga sitafuta kitu.

Ilikuwa Lubumbashi, enzi za Zaire. Nilikuwa nafanya kazi fonderie, kutwa nzima tunayeyusha shaba. Nilikuwa na pick-up kuukuu ya dizeli, na jeuri ya kutotaka fundi yeyote aiguse.

Jumapili moja baada ya misa nikatoa injekta zote nne (wengine mnaziita nozeli), nikasafisha masizi, nikazirudisha. Chini ya kila injekta kuna kipete cha shaba kinachoziba ili mgandamizo wa silinda usivuje. Vipete nikarudisha vile vile vya zamani.

Vipya ningetoa wapi? Mji mzima unakula shaba, treni zinaondoka zimejaa shaba, lakini kipete cha shaba cha ukubwa wa kifungo cha shati hakipo dukani! Mpaka leo nikikumbuka napandwa na hasira.

Jumamosi iliyofuata, tulipotoka salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia mitaa, nikaenda na mke wangu Chola kwao Kasomeno. Mjini mazout, yaani dizeli, ilikuwa ya kupanga foleni. Kule kaka yake, Mwape, alikuwa anaiuza kwenye mapipa sokoni. Nikajaza tanki.

Kurudi, balaa.

Gari linagonga, linatetemeka, moshi mweusi, kilima kidogo tu linagoma. Asubuhi haliwaki bila kusukumwa na majirani.

Hukumu nikaitoa pale pale: Mwape katia maji.

Nikabadilisha filta. Wapi! Nikamwaga mazout yote, nikatia nyingine. Wapi! Mtu mwenye akili angeacha hapo kuyalaumu mafuta. Mimi nikasema maji yameshaua injekta. Nikanunua nne za mtumba mtaa wa Kenya (Kenya yetu ya Lubumbashi, wakuu, si nchi), nikazifunga kwa vipete vile vile.

Wapi!

Nikapanda lori mpaka Kasomeno, nikasimama mbele ya mapipa, wateja wamejaa, nikamtukana Mwape kwa sauti yangu yote. Mwizi. Muuza maji.

Mwape hakunijibu matusi. Alichukua chupa tupu ya bia, akaijaza kutoka pipa lile lile, akaifunga.

"Shemeki, unaniita mwizi mbele ya bantu? Kamata hii chupa. Kama mazout iko na mayi, mayi itashuka chini. Utaangalia weye mwenyewe."

Nilifika nayo nyumbani nikaitupia nyuma ya masanduku. Sikuiangalia.

Chola kila siku, "Papa, angalia chupa." Nami kila siku namjibu kwamba anatetea ndugu zake. Siku ya nne akafunga nguo zake.

"Minaenda kwetu. Siku utaomba kaka yangu pardon mbele ya bantu, njo utakuja kunichukua."

Nikadhani ni hasira za siku mbili. Zikapita wiki tano.

Wakuu, nyumba ilikuwa kimya mpaka naona aibu kukohoa. Nilikula bukari (ugali wetu) mbichi niliyosonga mwenyewe. Nilimkumbuka sana mke wangu, na bado sikutaka kukubali.

Mwisho jeuri ikaisha. Gari likavutwa mpaka kwa fundi mmoja pale Kenya, Maître Kabamba.

Hakufungua chochote kwanza. Aliwasha, akalegeza nati za mabomba ya mafuta moja baada ya nyingine, kila mara silinda moja inakosa mafuta, huku anasikiliza. Namba moja, injini ikayumba. Mbili, ikayumba. Tatu, hakuna mabadiliko, kana kwamba silinda hiyo haipo kabisa. Akamwagia maji ya sabuni pembeni ya injekta ya tatu.

Mapovu yakachemka.

"Nani alitosha hizi injecteurs?"

"Ni miye nilizitoa."

"Joints ulirudisha za zamani? Bila kupitisha mu moto?"

Nikakubali kwa kichwa kwamba vipete ni vile vile.

"Papa, unatumika wapi?"

"Fonderie."

Kabamba alikaa chini. Alicheka mpaka machozi, akawaita mafundi wa jirani nao waje kumwona mtu wa fonderie.

Shaba ikikandamizwa inakuwa ngumu, haikai tena vizuri; siku chache itashikilia, safari ndefu inaanza kuvuja. Ipashe mpaka iwe nyekundu, itie kwenye maji, inalainika upya. Hilo nalijua kuliko jina la babu yangu! Kabamba alivipasha vipete kwa mkaa, akafunga. Gari likawaka mara moja.

Nilirudi nyumbani nikaitafuta ile chupa. Safi. Chini hakuna hata tone la maji. Nilikaa nayo mkononi nikajiona mtu wa hovyo.

Kesho yake nikaendesha mpaka Kasomeno. Nikamwomba Mwape tuingie ndani tuzungumze. Akakataa.

"Ulinitukana hapa. Semea hapa."

Basi nikasimama mbele ya mapipa. Nikasema mazout ya Mwape haikuwa na maji, kosa ni langu, mtu wa fonderie nimeshindwa na kipete cha shaba. Mama mmoja muuza samaki akapaza sauti, "Hatukusikia muzuri!" Nikarudia. Akaniambia tena hajasikia. Nikarudia.

Chola alikuwa nyuma ya mama huyo. Alikwenda kuweka furushi lake ndani ya pick-up.

Kwa hiyo, wakuu, ukitoa injekta, weka pete mpya au pasha za zamani. Ukishuku mafuta, yaache kwenye chupa siku tatu kabla hujafungua mdomo. Nimeyajua haya kwa wiki tano za kukaa bila mke wangu.

Waliokwisha kumlaumu asiye na kosa, semeni hapa chini, nisiwe peke yangu.

Ile chupa ipo hadi leo, Chola kaiweka juu ya kabati. Nikianza kulaumu mtu, anaishusha tu, anaiweka mezani mbele yangu.