Kakao Mbichi ya Baba Mkwe

Mimi ni binti wa mwenye duka, nimezaliwa Kyela mjini kwa watu wenye asili ya pwani. Nilipoolewa Ipyana nilikuta sheria ambayo hakuna aliyenieleza ikanikaa akilini: mkamwana haonani na baba mkwe. Hasemi naye, hali mbele yake, akimwona njiani anajitosa migombani mpaka apite. Wengi siku hizi wameiacha. Baba mkwe wangu hakuiacha, nami nikazoea kumjua kwa kikohozi chake tu.

Ana kifafa. Alikuwa anameza vidonge vya kliniki tangu mume wangu akiwa mdogo, na bado mara mojamoja alianguka.

Mwaka jana alikuja mtaalamu kutufundisha kuvundika kakao, yaani kuzifunika mbegu zichachuke kabla ya kuanikwa. Katika maongezi akasema kakao mbichi, isiyovundikwa, ina antioksidanti nyingi, yaani vitu vya kwenye mimea vinavyokinga seli zisiharibike, na kwamba wapo watafiti wanaojaribu vitu vya aina hiyo kwa panya wenye kifafa. Nikadakia, panya nao wana kifafa? Akasema wanasababishiwa. Basi mgonjwa nimpe au nisimpe? Akasema panya si mtu, kwa binadamu bado haijulikani, na vidonge visiachwe kamwe. Nilitoka pale nimesikia mengi na sijaelewa kitu.

Nikampa. Nilikausha mbegu chache bila kuvundika, nikasaga, nikachemsha, chungu kama nini, nikamtuma mume wangu apeleke pamoja na onyo kwamba vidonge asiviache. Baba mkwe hakuanguka. Majirani wakaanza kuniita daktari, na kusema kweli nilivimba kichwa.

Kisha mama mkwe akanijia jikoni.

"Ameacha vidonge," akasema. "Anasema dawa ya mkwe inamtosha. Mwanangu kamsihi, hasikii. Eti mwenye dawa mwenyewe hajamkataza kwa kinywa chake."

Nikachanganyikiwa. Kama kakao ndiyo iliyomsaidia, naogopa nini? Kama siyo, mbona haanguki? Lakini hata kabla ya kakao aliwahi kukaa muda mrefu salama. Kuujua ukweli ni mpaka aache kimoja tumtazame, na yeye si panya, ni baba wa mume wangu, na kila siku anavuka mto kwenda shambani. Halafu wa kumkataza ni mimi, nisiyeruhusiwa kusema naye! Niliwakasirikia wote, mtaalamu, panya na mila.

Nikachukua vidonge na kikombe cha maji, nikaenda uani alikokuwa akigeuza kakao juani. Aliponiona akashtuka, akageuka aondoke, maana sheria inambana na yeye.

"Tata, usiondoke," nikasema, nikimwita baba kwa lugha ya kwao. "Ile kakao sijui kama ni dawa. Vidonge vinajulikana. Ukianguka mtoni, nitakuwa nimekuua mimi."

Alisimama amenipa mgongo. Nikadhani nimeharibu kila kitu. Halafu akanyoosha mkono nyuma, kiganja wazi, uso bado kule. Nikaweka vidonge, kisha nikampa kikombe vilevile. Akameza.

"Ndaga," akashukuru. Akakohoa kidogo. "Na kakao, niendelee nayo?"

Tangu niolewe hakuwahi kuniuliza kitu.

"Sijui, Tata," nikamjibu.