Meli ya Chaki Uani kwa Munyakazi

Kigali haina bandari. Maji makubwa yaliyo karibu ni ya mto Nyabarongo, mekundu kwa tope, na hakuna mtu mwenye akili timamu aliyewahi kuyatafutia meli. Hata hivyo, mwaka 1991, mtaani Biryogo, alikuwepo mtu aliyezijua meli kuliko wengi waliozaliwa ufukweni, naye alikuwa fundi cherehani. Jina lake Saidi Munyakazi. Ukimpelekea suruali akupunguzie kiuno, uliondoka kibarazani kwake na suruali yako pamoja na ushauri wa kukufikisha Zambia, uwe umeuomba au hukuuomba.

Usidhani alikuwa akipiga chuku. Kwa miaka mingi alikuwa akiteremka Bujumbura kudandia meli ya Ziwa Tanganyika, akaenda nayo Kigoma na kuendelea hadi Mpulungu kununua vitenge. Kisha goti la kulia likaanza kumsaliti, biashara akawaachia vijana, akabaki na cherehani, mkewe Raihana, na hamu. Hamu hiyo hakumwambia mtu. Alipiga soga za meli badala yake, na majirani, ambao ziwa kubwa walilowahi kuliona ni Muhazi, walimsikiliza kwa adabu huku wakimeza miayo. Hilo lilimuuma kuliko goti.

Siku moja akaja kibarazani Générose, mwalimu wa shule ya msingi na kiongozi wa kwaya ya parokia ya juu kule. Alikuja na vitambaa vya sare.

"Muze Saidi, tunaenda Karema," alisema. "Padiri wetu wa zamani iko kule sasa. Anafanya jubile yake, ametuita tuimbe."

Munyakazi akaweka mkasi chini. "Karema ya ziwani? Mnapanda meli?"

"Meli, yego, ndiyo. Na hakuna hata mmoja wetu amekwisha kupanda. Nauli tumechanga, nafasi moja imebaki. Wengine wanasema apewe Mugenzi, apige ngoma ya pili. Mimi ninasema tupeleke mtu wa kutuongoza. Utufundishe kwanza, Muze. Halafu tutaona kama tunaweza wenyewe ao hapana."

Mtu mwingine angeiona ndoano ndani ya maneno hayo. Munyakazi alisikia neno moja tu, meli, akakubali kabla hajapima kitambaa.

Raihana alikuwa dirishani, na masikio ya Raihana hayakuwa na likizo. Mwalimu alipoondoka, akatoka na birika.

"Baba Zubeda, umemsikia vizuri? Ukiwafundisha wakaelewa, nafasi ni ya ngoma. Wasipoelewa, ni yako."

"Sasa unataka nifundishe vibaya?"

"Nataka ufundishe nusu. Nenda zako, upumzike na mimi nipumzike. Tangu uache kusafiri umekuwa ukizunguka humu ndani kama kuku anayetafuta pa kutagia."

Munyakazi akacheka, lakini usiku ule alitafuta mkeka wake wa safari, akaukung'uta na kuuegemeza ukutani. Moyo wake ulikwishapanda meli.

Jumapili, baada ya misa, kwaya nzima ikajaa uani kwake. Uwanja ule ulikuwa wa saruji, na yeye alikuwa amekwisha kuuchorea meli kwa chaki ya fundi, mbele ikiwa kwenye bomba la maji na nyuma ikifika chooni. Ilitokea vizuri, maana choo cha meli nacho kilikuwa upande ule ule. Wanakwaya wakasimama nje ya mistari wakichekeana, mpaka alipowafokea.

"Mnacheka nini? Hapo mnapochekea ni majini. Ingieni!"

Wakaingia. Akaanza kuwapanga, na siku hiyo goti hakulikumbuka. Ukipanda, usikimbilie mabenchi ya chini, kule mashine inakupika pamoja na mawazo yako. Panda sitahani mapema, tandika mkeka karibu na dohani, kwa sababu upepo wa ziwa usiku hauna huruma na bomba lile la moshi ni joto kama jiko. Usitandike mbele penye kamba, mabaharia watakukanyaga na kisha wakutukane wewe. Usikae jirani na magunia ya dagaa, hata kama mwenye magunia ana sura nzuri.

"Sisi wasichana tulale wapi?" akauliza mmoja wa sauti ya kwanza.

"Katikati. Wanaume pembeni, mizigo vichwani. Na viatu mvivue mvifunge kwenye kamba ya begi. Kiatu kimoja kikipotea melini, kingine unakibeba kwa huzuni tu."

Akawaambia wale vitu vikavu, viazi vya kuchemsha na mahindi ya kukaanga, na kila mtu awe na kipande cha tangawizi. Akawaambia anayesikia kichefuchefu asitazame maji yaliyo karibu, atazame milima ya Zaire, ile haichezi. Wasihangaike kumjua nahodha, wamjue mpishi, kwa sababu nahodha hana maji ya moto. Na meli ikitia nanga mahali wasishuke kununua soda, maana honi ya kuondoka humkuta mtu bado anasubiri chenji.

Kisha, bila kuombwa, akawaeleza asubuhi ya ziwani inavyokuwa. Harufu ya mafuta na vitunguu kutoka jikoni. Jua linachomoza nyuma ya vilima vya Tanganyika na kuigusa kwanza milima ya ng'ambo, wakati meli yenyewe bado imo kivulini. Watu wasiojuana wanapeana chai. Alisimama bombani akiyasema hayo macho yakiwa mbali, na wanakwaya wakatazamana, wengine wakaanza kutafuta mikoba yao. Walikuwa na njaa.

Jumapili ya pili wakarudia yote, na wakaweza. Wakati Munyakazi akipiga mluzi badala ya honi, walitandika, wakajipanga, wakafunga viatu, hakuna aliyekanyaga jirani. Alifurahi na kuogopa kwa pamoja. Jioni Raihana akamuuliza:

"Umebakiza nini?"

"Kushuka."

"Kushuka kuna nini cha kufundishwa?"

"Karema hakuna gati. Meli inasimama majini, mlango wa ubavuni unafunguliwa, na mashua zinaijia kama nyuki. Wa kushuka wanashuka, wa kupanda wanapanda, pamoja na mbuzi, mlango huo huo. Asiyejua anaweza kuvunjika mguu."

"Basi hilo lifiche," Raihana akasema, akaendelea kuchambua mchele. "Utawashusha mwenyewe."

Akalificha. Jumapili ya tatu, ambayo ilikuwa ya mwisho, Générose aliuliza mbele ya wote kama kuna lolote lililobaki. Munyakazi akajikuna shingo.

"Mengine nitawaonyesha huko huko," akajibu.

Générose akatabasamu. "Basi tumeelewa. Muze, unakuja na sisi. Mugenzi atatusamehe." Mugenzi, kijana mpana wa mabega, akainamisha kichwa na kusema hakuna shida, kwa sauti ya mtu mwenye shida kubwa.

Munyakazi alikuwa ameshinda. Alisimama katikati ya meli yake ya chaki akapeana mikono na kila mtu, na laiti goti lingeruhusu angeruka. Watu wakaanza kutoka. Aliyebaki nyuma ni Pudentienne, mama wa makamo aliyejaa mwili, muuza mboga sokoni, sauti ya pili ya kwaya tangu enzi za padri yule. Alingoja wenzake wafike njiani.

"Muze, ninakuomba unambie kweli," akasema polepole. "Nimesikia kwa watu kule meli haifiki kwenye udongo. Wanakutupa katika mashua. Mimi naogopa mayi, na huu mwili unauona. Kama ni kweli, nitamwambia mwarimu mimi nabaki. Lakini Padiri yule ndiye alizika bwana wangu. Nataka kumuimbia."

"Usiogope, Mama," Munyakazi akasema haraka. "Nitakuwepo. Nitatangulia mimi katika mashua, nikushike mkono."

Pudentienne akamtazama usoni, kisha macho yakateremka hadi gotini.

"Na mguu huu, Muze? Si tutaanguka wawili?"

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anavyomwambia mteja kwamba nyanya hii imeoza, chukua ile. Munyakazi akaliangalia goti lake. Kwa majuma matatu alikuwa amejiona mlangoni pa meli ile akipokea watu, na katika picha hiyo miguu yake ilikuwa ya umri wa miaka thelathini. Sasa akajiona jinsi alivyo, mzee anayeshuka ngazi tatu za kibaraza chake kwa kushika ukuta. Huyo asingemshika mtu yeyote. Huyo ndiye angetakiwa kushikwa, na wakati wakimshika yeye, mama huyu angekuwa peke yake na mashua inayocheza. Akaona haya mpaka masikio yakamuwaka moto.

"Raihana!" akaita. "Mkimbilie mwalimu. Warudi wote."

Raihana alitoka, akamwangalia mumewe, akaelewa. Aliacha ungo chini akaenda bila neno, na kwa Raihana hilo lilikuwa jambo la ajabu.

Waliporudi, Munyakazi aling'oa mlango wa stoo bawabani. Akawaambia Mugenzi na waimbaji watatu wa besi waushike pembe nne, waupandishe na kuushusha pembeni mwa kibaraza, bila mpango, kama maji yanavyofanya. Kibaraza ni meli, akasema, na mlango ni mashua.

"Honi ikilia Karema, msikimbilie mlangoni. Kaeni. Mashua za kwanza ni za wenye magunia, waacheni wapigane. Zikipungua, kijana mwenye nguvu anatangulia kushuka na mikono mitupu. Mizigo inafuata baadaye. Mnampa mikono yenu, si mabegi. Na sasa sikilizeni. Mashua inapanda na kushuka. Mtu mwoga huruka inaposhuka, kwa sababu anataka yaishe. Hapo ndipo anapovunjika. Ngoja ipande. Ikifika juu kabisa, hatua moja tu, kisha kaa chini papo hapo. Kama kuvuta kitambaa kwenye cherehani: sindano ikiwa juu ndipo unapokivuta."

"Mama Pudentienne, njo," Générose akasema.

Pudentienne akapiga ishara ya msalaba. Mara ya kwanza aliruka mlango ukishuka, akamwangukia mtu wa besi, ua mzima ukavunjika mbavu, naye akacheka pia, machozi yakimtoka. Mara ya pili akasita. Mara ya tatu mlango ukapanda, Mugenzi akanyoosha mikono, na mama yule mkubwa akapiga hatua moja tulivu kama anaingia kanisani, akaketi.

"Mana yangu," akamwita Mungu kutoka pale chini. "Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu," Munyakazi akasema. Kisha akamgeukia Générose. "Mwalimu, nafasi yangu mpe huyu Mugenzi. Nyinyi mnahitaji mikono. Maneno yangu mmekwisha kuyachukua yote."

Générose alitaka kubisha, akaona uso wake, akaitikia kwa kichwa. Mugenzi hakujua kama afurahi au amhurumie mzee, akabaki ameushika mlango wa stoo kama vile ukianguka nao ataulizwa.

Siku ya safari Munyakazi hakwenda kituo cha basi kuwaaga. Alikaa mashineni akashona makoti mawili mfululizo, yote mikono imegeuzwa, akayafumua. Aliumia, na hakujificha. Raihana alimpikia pilau siku ya kazi, hakumkumbusha kwamba alimwonya, na huo kwake ulikuwa upendo mkubwa kuliko pilau. Mkeka aliurudisha chini ya kitanda yeye mwenyewe, Munyakazi akiwa msikitini.

Majuma mawili yakapita. Alasiri moja, kabla hajafika nyumbani kwake mwenyewe, kabla hata hajatua kifurushi kichwani, Pudentienne akasimama mbele ya kibaraza amechomwa na jua.

"Nimeshuka, Muze! Iko juu, hatua moja, chini. Kule mlangoni mama mmoja Mtanzania ananiuliza, wewe umezoea sana, unatoka pwani gani? Nikamwambia Biryogo."

Munyakazi akacheka mpaka akaondoa miwani. Akamvutia kiti, akamwita Raihana alete chai, akaanza kuuliza. Mpishi ni yule yule mwenye kovu? Bado wanauza chapati karibu na ngazi? Pudentienne alijibu kila swali, na alijibu sawa. Na milima ya Zaire asubuhi, aliiona? Hapo mama yule akakishusha kikombe.

"Jua linagusa ile kwanza," akasema. "Sisi bado tuko kwenye baridi. Mtu ambaye simjui akanipa chai."

Munyakazi akasogeza kiti chake karibu. Miaka yote ile alikuwa akiwasimulia watu, na leo ndiyo mara ya kwanza mtu alikuwa akimkumbusha.

"Lakini kwenye dohani ulituambia vibaya," Pudentienne akaendelea, akijichukulia sukari ya pili. "Karibu na dohani kuna masizi. Sare ya Générose imekuwa nyeusi. Unalala upande wa jikoni, Muze. Kule pia ni joto."

"Upande wa jikoni? Na ndoo za maji machafu wanazomwaga alfajiri?"

"Wanamwagia upande ule mwingine."

"Mama, mimi nimepanda meli ile miaka kumi na saba!"

"Na mimi nimeshuka juzi."

Wakabishana hadi chai ikapoa, na Raihana akaenda kupika nyingine. Njiani, Mugenzi na vijana wawili wa besi waliokuwa wakipita walisikia neno dohani, wakakata kona kuja kuuunga mkono upande wa jikoni. Munyakazi akawaona wakipanda ngazi za kibaraza, wote wamekwisha kufungua midomo, akavuta benchi kwa furaha ambayo hakuwa nayo tangu goti lianze kuuma.

"Kaeni," akasema. "Kaeni niwaonyeshe mlivyokosea."