Fundi aliyewasalimia wazee "Takwenya"

Saa moja asubuhi ukungu bado umeikalia Karatu, na miguu miwili iliyovaa katambuga inachomoza chini ya gari la watalii. Mwenye miguu anagonga springi kwa nyundo, ananyamaza, anasikiliza, anagonga tena.

"Takwenya, fundi!" anapaza sauti dereva anayepita.

"Iko!" inajibu sauti kutoka chini ya gari.

Gereji nzima inacheka, ingawa utani huo ni mkongwe kuliko baadhi ya mafundi waliopo.

Isaya Tluway, Mwiraqw mwenye umri wa miaka hamsini na mbili, ni fundi springi. Magari yanayokwenda Ngorongoro na Serengeti hurudi yamelala upande, naye huyanyanyua.

"Watu wanalalamikia mashimo," anasema akifuta grisi mikononi. "Mimi nikipiga goti kanisani, nayashukuru."

Wengi wanaijua sauti yake bila kumjua yeye. Ndiyo inayofungua "Vumbi Jekundu", albamu ya kwanza ya Ngurumo za Oldeani, bendi ya roki iliyoanzia hapa Karatu ikapata jina nchi nzima. Mwaka huu bendi inaitoa albamu hiyo upya.

Isaya hakuwa mwanamuziki. Vijana wale walikuwa wakirekodi katika ghala la kahawa, jenereta ikazima, akaitwa kuitengeneza. Ilipowaka, alisimama mlangoni akijipangusa. Nje walikuwa wakipita wazee wa Kimaasai na ng'ombe wao, wakielekea mnadani.

Isaya alijua neno moja tu la Kimaasai. Alikuwa amelisikia sokoni, watu wakiwasalimia akina mama wauza maziwa. Akaona heri alitumie.

"Takwenya!" akawapigia wazee kwa nguvu zake zote.

Hakujua kwamba salamu hiyo ni ya wanawake. Mwanamume husalimiwa "Sopai", naye hujibu "Epa".

Wazee walisimama. Fimbo zikatulia. Kisha mmoja wao, Sairowua Ngoyai wa Kakesio, akabana sauti nyembamba kama ya bibi harusi, akajibu, "Ikooo!" Wenzake wakaangua kicheko, ng'ombe wakalia, na kinasa sauti kilikuwa wazi muda wote.

Bendi iliviacha vyote mwanzoni mwa wimbo wa kwanza. Hadi leo, kwenye maonyesho, mwimbaji huita "Takwenya!" na wanawake wote uwanjani huitikia.

Wimbo ulipoanza kusikika redioni, Sairowua alifika gereji na kibuyu cha maziwa. "Yuko wapi," aliuliza, "yule aliyenifanya mama wa watu?"

"Nilitaka kujificha ndani ya buti la gari," anakumbuka Isaya. "Akanishika mkono, akasema, 'Kunywa, mwanangu. Mama hamnyimi mtoto maziwa.'"

Urafiki ulianzia hapo. Mwaka wa korona, watalii walipokoma na gereji ikaota majani, Sairowua alimletea ng'ombe wa kukamua. Kwa desturi ya Wamaasai, aliyetoa ng'ombe na aliyepokea hawaitani tena kwa majina. Kila mmoja humwita mwenzake Pakiteng.

"Wanangu walikunywa maziwa yale mpaka magari yaliporudi," anasema Isaya. "Asante kwetu ni naas, kwao ni ashe. Yote mawili hayatoshi."

Miaka miwili iliyopita Sairowua alipata kiharusi. Anakaa, anatembea kidogo kwa fimbo, lakini hasemi tena.

Kwa hiyo Isaya alipoletewa kwenye simu wimbo wa kwanza wa toleo jipya la albamu, aliusikiliza mara moja tu, akaketi juu ya tairi. Gitaa lilianza papo hapo. Takwenya haipo, Iko haipo, kicheko hakipo.

Kiongozi wa bendi, Emmanueli Qamara, alifika gereji wiki iliyofuata. Alikuja kwa ajili ya springi.

"Gari nitatengeneza," Isaya alimwambia. "Ila wazee wangu umewapeleka wapi?"

"Kaka, tumesafisha tu. Zile zilikuwa kelele. Ng'ombe, jenereta..."

"Kelele?"

Nasieku, binti wa Sairowua aliyeolewa hapa Karatu, alikuwa akiwamiminia mafundi maziwa. Aliweka kikombe chini.

"Shemeji Emmanueli," alisema, "wanangu wadogo hawajawahi kumsikia babu yao akiongea. Hatukumrekodi, nani alifikiri atanyamaza? Sauti yake tuliyonayo ni hiyo hiyo ya kwenye wimbo. Kanda yetu imeliwa na redio. Tulikuwa tunangoja hii yenu."

Emmanueli alivua kofia. Alisema hakujua habari za kiharusi. Akatoa simu, akampigia fundi mitambo wake aliyeko Arusha, na waliokuwapo walimsikia wazi.

"Rudisha ng'ombe," alisema. "Ng'ombe gani? Wote! Na mzee, na kicheko, usiguse kitu."

Kisha akamgeukia Isaya. "Tungeitoa albamu bila mlango wake. Asante, kaka."

"Asante ni ya Nasieku," alijibu Isaya, akarudi chini ya gari.

Albamu iliyorekebishwa imemfikia juzi. Mwanzo uko vilevile, hata muungurumo wa jenereta aliyoitengeneza.

Jumapili baada ya ibada atapanda na Nasieku na watoto kwenda Kakesio, redio begani. Wapo waliomshauri kwamba safari hii, kwa heshima ya mgonjwa, amsalimie mzee salamu ya wanaume. Kimaasai chake siku hizi kinatosha.

Isaya anatikisa kichwa.

"Nitamsalimia Takwenya, kama siku ile," anasema. "Akishindwa kujibu asihangaike. Nitabonyeza redio, ajijibu mwenyewe."