Rafu Isiyo na Twiga

Saa moja asubuhi, Jumamosi, Mativo Ndambuki amepiga magoti kwenye sakafu ya nyumba yake ya chumba kimoja huko Makadara. Ameshika ncha ya mpira mwembamba wa plastiki uliojaa maji, kipimo cha usawa cha mafundi. Ncha ya pili imeshikwa na jirani yake, Wekulo, aliyechutama upande wa mlangoni. Wanaume hawa wawili wanautazama mpira huo utadhani wanapima homa ya mtoto.

"Kwako?" Mativo anauliza.

"Kwangu iko kwa alama," Wekulo anajibu. "Usipumue sana, mzee, maji yanacheza."

Katikati yao imesimama rafu ya mbao yenye ghorofa mbili, inayomfika mtu kifuani. Juu yake yamepangwa matangi manane ya kioo, manne juu na manne chini, kila moja la kumeza mtungi mzima wa maji. Yote ni makavu. Leo ndiyo siku ya kuyajaza, na Mativo anakiri kwamba hajapata usingizi wa maana tangu juzi.

Nje, hatua mbili kutoka mlangoni, mkewe Kathini ameketi kwenye stuli akichambua maharagwe. Amekwisha kusema kwamba hatii mguu ndani mpaka tangi la mwisho lijae na rafu ibaki imesimama. Msomaji akisikia yaliyompata mama huyu, hatamlaumu hata kidogo.

Mwaka huu wa 1996 Mativo ana umri wa miaka hamsini na mitatu. Alizaliwa Wamunyu, Ukambani, ambako mtoto huizoea tezo kabla hajaizoea kalamu. Aliingia Nairobi mwaka 1966, na kwa miaka ishirini na saba alikalia gunia lile lile katika ushirika wa wachongaji, akichonga wanyama wa kuuziwa wageni. Kama uliwahi kumwona mtalii uwanja wa ndege amekumbatia twiga aliyezungushiwa magazeti, huenda twiga huyo alipita mikononi mwa mzee huyu.

Mwaka 1993 macho yakaanza kumkana. Kwanza aliilaumu taa, halafu akalaumu moshi wa mjini. Kisha siku moja karani wa kupokea mali akamrudishia simba watano kwa mpigo.

"Aliniambia simba wangu wana macho ya ng'ombe," anasimulia, na sasa anaweza kucheka. Siku ile hakucheka. Alitembea kwa miguu hadi nyumbani, akalala bila kula, na asubuhi hakurudi kwenye gunia lake.

Tangu hapo amekuwa akitengeneza viti na makabati ya watu. Wiki nyingine hupata shilingi mia tatu, wiki nyingine hurudi na msumeno wake tu. Kathini ndiye aliyeishika nyumba, kwa kuwauzia githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, makarani na wenye kesi nje ya mahakama ya Makadara.

Samaki waliingia katika maisha yao kwa njia ya kabati. Miaka miwili iliyopita Bi Shamis, mama mwenye nyumba ya wageni huko Eastleigh, alimwita Mativo amtengenezee kabati la mapokezi. Pembeni mwa kabati palikuwa na tangi la samaki wa mapambo, wale wadogo wenye mikia mipana ya rangi. Mativo akasimama pale. Akasimama tena. Jioni, alipomlipa, Bi Shamis alimtilia samaki sita kwenye chupa ya jamu, akamwambia awachukue kwa sababu amewatazama kuliko alivyolitazama kabati lake.

"Siwaoni macho," Mativo anasema. "Lakini rangi naziona vizuri. Na samaki hakuna karani wa kumkagua macho."

Samaki hao huzaana kama wanaogombania urithi. Baada ya miezi michache alikuwa na zaidi ya thelathini, akaanza kuwauza kwa vinyozi, maduka ya dawa na zahanati, shilingi ishirini samaki mmoja, pamoja na matangi aliyoyaunda mwenyewe kwa vioo vya madirisha yaliyovunjika. Kufikia mwisho wa mwaka jana kodi ya nyumba ilikuwa ikitoka kwa samaki. Kathini akapumua kidogo.

Lakini matangi yalikuwa kila mahali: moja mezani, mawili juu ya kabati, moja chini ya kitanda, mawili dirishani. Mativo akaamua kuunda rafu ya kuyakusanya pamoja. Na hapo uchongaji ukamtia mashakani.

Seremala wa kawaida angesimamisha miguu minne, apige misumari, amalize. Mativo alichonga twiga wanne wa mti wa jakaranda, mmoja kila kona, kwato zao sakafuni na ubao wa juu umewakalia vichwani. Aliwachonga kwa kupapasa, kwa sababu twiga anamjua kwa vidole. Shingo akazilainisha kwa msasa mpaka zikawa nyembamba, nzuri, zenye mwendo. Mtaa mzima ulikuja kutazama. Kasisi alikuja. Mtu mmoja alitaka kuinunua rafu na samaki wake, Mativo akakataa.

Ilisimama siku kumi na moja.

Jumapili moja ya mwezi wa tatu Mativo alikuwa kanisani. Kathini alikuwa na malaria, amelala kitandani, na kitanda kilikuwa kimeegemea rafu. Aliamka kwenda kujimiminia chai iliyokuwa kwenye jiko pale mlangoni. Alikuwa ameshika kikombe aliposikia shingo ya twiga inakatika, kisha matangi sita yakaja chini yote.

"Nilipogeuka, kioo kimesimama kwenye mto wangu," anasema, akiwa bado anachambua maharagwe. "Pale pale nilipokuwa nimeweka kichwa."

Akiwa na homa yake aliinama ndani ya maji na vigae, akaanza kuokota samaki kwa kikombe cha chai. Aliwapata saba walio hai. Mativo alipofika mlangoni, nguo zake za kanisani zikiwa mwilini, alimkuta mkewe amelowa hadi magotini. Akaingia, akainama, akaokota kichwa cha twiga.

Huyo twiga ndiye aliyeokotwa kwanza. Mativo hakatai. Amelisimulia jambo hilo mwenyewe bila kuulizwa, na alipokuwa akilisimulia hakuweza kuangalia upande wa mlangoni.

"Miaka thelathini nimekaa naye," anasema kwa sauti ya chini. "Na mimi nikaokota mti."

Kathini hakupiga kelele. Alikivuta kitanda hadi ukuta wa pili, penye dirisha lisilofungika vizuri, na hapo ndipo amelala miezi hii miwili, baridi yote ikimwingia shingoni. Kisha akatoa masharti. Mativo ataunda rafu moja tu nyingine. Hatachonga chochote juu yake, hata ua. Siku itakapojazwa maji, ikiegemea upande hata kwa upana wa kidole, samaki wanatoka katika nyumba hii, na wao wawili wanafunga mizigo kurudi Wamunyu kulima. Mativo, ambaye hajashika jembe tangu ujana wake, alijua mkewe hatanii.

Ndipo akamwendea Wekulo. Wekulo ni fundi mwashi kutoka Bungoma, anajenga viwanda huko Baba Dogo, na wakati wa twiga alikuwa amekwenda kwao. Aliposimuliwa kisa chote aliuliza swali moja tu: ni mbao gani zilikuwa zimepita mshazari kwa nyuma kuizuia rafu isiyumbe? Mativo akajibu kwamba hakukuwa na mbao ya mshazari. Wekulo alicheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa. Alipomaliza kucheka alikuja kusaidia kila jioni, na malipo yake yakawa sahani ya githeri.

Alimfundisha mzee kupiga hesabu ya mzigo. Lita moja ya maji ni kilo moja. Matangi manane ya lita ishirini ni kilo mia na sitini, na kioo hujaongeza. Hayo ni karibu magunia mawili ya mahindi.

"Sikuwahi kufikiria maji yana uzito kiasi hicho," anasema Mativo. "Mimi nilikuwa nafikiria samaki. Samaki ni mwepesi."

Mbao walizipata Baba Dogo, zimetoka kwenye masanduku ya kusafirishia mashine, nene na chafu, zenye maandishi meusi. Rafu hii haina uzuri wowote. Kila ubao umekalia mguu wenyewe, haukuning'inizwa kwa misumari. Nyuma zimepita mbao mbili za mshazari, zimekazwa kwa bolti. Chini ya kila tangi kuna kipande cha sponji la godoro kuukuu, ili kioo kisikae juu ya kifundo cha mti kikapasuka.

Kisha wakagundua kwamba sakafu yenyewe si sawa. Nyumba hizi zimejengwa na sakafu inayoteremka kidogo kuelekea mlangoni, maji ya kupigia deki yapate kutoka. Jicho halioni. Mpira wa maji ulionyesha tofauti ya vidole viwili, na Mativo akaelewa kwamba twiga wake, pamoja na wembamba wao, walikuwa wamesimama wakiwa wameinamia mlango siku zote kumi na moja. Miguu ya mbele ya rafu mpya ni mirefu kuliko ya nyuma, na ukiitazama huwezi kujua.

Tangu Jumatano walikuwa wakiijaribu kwa mitungi minane iliyojaa, imepangwa mahali pa matangi. Mfereji wa mtaa hutoa maji mara mbili kwa wiki, kwa hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa karibu akiba yote ya nyumba. Kathini alipikia ndoo moja siku tatu. Majirani wakaiita rafu benki, wakauliza itafunguliwa lini. Maji hayo yalihitaji kukaa hata hivyo, dawa ya mfereji iishe nguvu, isije ikawaua samaki.

Na sasa asubuhi hii mitungi imeteremshwa, na tangi la kwanza linajazwa. Mativo anamimina polepole kwa kikombe cha lita moja, akianzia chini. La pili. La tatu. Baada ya kila tangi wanarudi kwenye mpira, wanatazama alama, wanaendelea. Nje, maharagwe yanadondoka kwenye sufuria moja moja, halafu hayadondoki tena.

Tangi la sita, lililo juu, limefika nusu wakati mbao inapolia. Ni mlio mmoja mkavu, kama kijiti kinachovunjwa.

Wekulo anarukia rafu na kuikumbatia. Mativo haitazami rafu. Amegeuka mlangoni, mikono ameinyoosha pande zote mbili, anamtafuta mkewe. Kathini amesimama kizingitini, sufuria imemwangukia miguuni.

"Rudi nyuma, Mama Nzivo," anamwambia, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Rudi, tafadhali. Acha hiyo."

Kathini anamtazama. Harudi nyuma, wala haingii.

Wekulo, shavu lake likiwa bado kwenye mbao, anaomba mtu ashike mpira. Wanapima kushoto, wanapima kulia, wanapima tena. Alama iko pale pale. Anaeleza kwamba mbao imekalia tu bolti yake, kwamba mbao nzito hufanya hivyo mara moja inapokubali mzigo. Mativo anachukua kikombe. Anaendelea kumimina.

Tangi la nane linajaa saa tatu na nusu. Wamekubaliana kungoja mpaka saa nane mchana ndipo wapime mara ya mwisho, na katika kungoja huko Mativo anazungumzia mipango yake. Jumatatu Bi Shamis anakuja kuitazama rafu. Akiridhika, anataka kama hiyo ya matangi kumi kwa ajili ya mapokezi yake, na ana ndugu mwenye zahanati anayeulizia pia. Mativo ameona kibanda kando ya Jogoo Road ambacho angeweza kukodi. Angekuwa fundi wa rafu za samaki. Anasema hajasikia kuna mwingine Nairobi hii, na kama yupo, basi wagawane mji.

Saa nane wanapima. Alama haijasogea hata kwa unene wa ukucha.

Kathini anaingia. Anaweka kiganja kwenye mguu wa rafu, anausukuma, kisha anausukuma kwa bega. Halafu anainama chini ya meza na kuvuta beseni. Ndani yake mna samaki saba walionenepa, maji ni safi, na inajulikana sasa ni nani aliyekuwa akiyabadilisha miezi yote miwili.

"Samaki hawakunikosea," anamwambia mwandishi, kana kwamba ameulizwa.

Akiisha kuwatia kwenye moja ya matangi ya katikati, anamwita Wekulo washike kitanda. Wanakirudisha kwenye ukuta wake wa zamani, kichwa kikielekea rafu. Kathini anaketi juu yake, anaitazama kazi ya mumewe kutoka juu hadi chini. Mbele, chini ya matangi ya juu, umepita ubao mpana, mtupu, wa kufunika vichwa vya bolti. Anaugonga kwa kidole.

"Baba Nzivo. Huu ubao unabeba nini?"

Mativo anasogea aone vizuri. "Huo? Haubebi kitu. Ni wa kuziba tu."

"Ukiutoa, rafu inaanguka?"

"Haianguki."

Kathini anajinyoosha kitandani, anaweka kichwa kwenye mto, anafumba macho.

"Basi chonga," anasema. "Lakini si twiga."