Bega Lililofungwa Kanga

Nilirudi nyumbani Munje nikiwa na betri kifuani. Madaktari wa Mombasa walinitajia jina lake refu, nami nikawa nimelisahau kabla sijavuka feri. Mtaani kila mtu aliiita betri, na mimi nikaiita betri. Ni kidude kidogo kilichozikwa chini ya ngozi, upande wa kushoto, karibu na mtulinga, na nyaya zake zimeingia hadi moyoni. Kazi yake ni kuusukuma moyo wangu pale unapojisahau. Kabla ya hapo nilikuwa nikianguka ovyo. Mara ya mwisho nilianguka nikiwa nasuka nywele, kitana mkononi, na mteja wangu ndiye aliyewaita majirani.

Nawashukuru waliokiweka. Tangu siku hiyo moyo haujanisumbua. Kilichonisumbua ni bega.

Tulipokuwa tunaondoka hospitalini tuliambiwa kwamba kwa majuma ya mwanzo nisiinue mkono wa kushoto kupita bega, wala nisibebe kitu kizito, mpaka nyaya zishike vizuri. Binti yangu alisikia "usiinue", akaondoka na "usitumie". Kufika nyumbani akachukua kanga, akaufunga mkono wangu kifuani, fundo akalikaza shingoni.

"Nyaya zikichomoka, mama, tutafanya nini?" akaniuliza.

Ndiye aliyerudi akanikuta bado nimelala sakafuni siku ile nilipoanguka mara ya mwisho. Sikuwa na moyo wa kubishana naye.

Lakini mimi ni mashoto. Nilipokuwa mdogo bibi yangu aliufunga mkono huohuo kwa kitambaa ili nijifunze kula kwa wa kulia. Kula nilijifunza. Mengine yote yalibaki kushoto: kisu, sindano, na kitana cha kugawia nywele. Nimesuka wanawake wa Munje na Msambweni tangu ujanani, na kuna miaka niliyosuka wageni kule Diani, na hakuna mstari hata mmoja niliougawa kwa mkono wa kulia.

Muda tuliopewa na daktari ulikwisha, ukapita, na binti bado anafunga kanga kila asubuhi. Siku nilipoivua mwenyewe niliuambia mkono upande, haukupanda. Ulifika usawa wa ziwa ukagoma, na maumivu yakashuka kutoka begani hadi kwenye kiwiko kama mtu amemwaga maji ya moto. Sikuweza kuvaa dera peke yangu. Sikuweza kufunga mtandio. Nikisimama kusali, mkono wa kulia ulifika sikioni na wa kushoto ukabaki njiani.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alikuja kunijulia hali. Alinitazama nikihangaika na mtandio.

"Mshukuru Mungu uko hai," akasema. "Umri umekwenda. Kaa ule, wanao wapo."

"Shukrani natoa kila sala," nikamjibu. "Lakini sijasikia kwamba ukishukuru unakatazwa kuutaka mkono wako."

Akaaga. Baadaye nikafungua kikapu changu cha kazi, nikakikuta kitupu. Binti akaniambia, bila kuninyanyulia macho, kwamba vitana na uzi amempa mke wa binamu yake, kwa kuwa mimi sitavihitaji tena.

Sikumgombeza. Nilijitanda mtandio kwa mkono mmoja, nikaenda hadi nyumbani kwa yule mke wa binamu. Nilimkuta akisuka barazani. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba.

"Mwanangu, nimefuata vitana vyangu," nikamwambia.

"Niliambiwa umeacha kusuka, shangazi."

"Uliambiwa. Lakini mwenyewe sijasema."

Alivikusanya akanipa, na akaniomba radhi ingawa hakuwa na kosa. Nikamwachia kitana kimoja kirefu ili amalizie kichwa kile.

Kesho yake nilikwenda kliniki ya moyo. Wakakipima kidude, wakaniambia kiko sawa na nyaya ziko mahali pake. Wakanielekeza kwa daktari wa mazoezi ya viungo, msichana wa bara, mikono yake baridi. Aliushika mkono wangu akauzungusha polepole, akaacha mahali nilipokunja uso kwa maumivu.

"Nani alikwambia uufunge muda wote huu?" akauliza.

"Mapenzi," nikamjibu, na binti yangu, ambaye safari hii alinifuata kwa nguvu, akatazama dirishani.

"Bega limeganda, mama. Betri haina kosa. Lilitakiwa litembee kidogo kidogo tangu mwanzo, chini ya kiwango tulichokataza. Sasa itabidi tulifungue."

"Litafunguka?"

"Litafunguka, lakini taratibu, na litauma. Siwezi kukuahidi kwamba litarudi lote."

Nilipenda kwamba hakuniahidi.

Mazoezi yenyewe ukiyatazama ni ya kuchekesha. Unainama umeshika meza, mkono mbovu unauacha uning'inie na kuzunguka. Unashika mwiko wa ugali kwa mikono miwili, ule mzima unausukuma ule mgonjwa. Halafu unasimama mbele ya ukuta na kupandisha vidole kidogo kidogo, kama kaa anayetafuta tundu. Ndani ya nyumba palikuwa na giza na vyombo vingi, kwa hiyo nilichagua ukuta wa nje, unaotazama njia. Watu wakipita wananiona nikiugulia. Wifi alinitumia ujumbe kwamba najidhalilisha. Nikamjibu kwamba karibu, ukuta ni mrefu.

Siku moja binti alitoka jikoni machozi yakimtoka. "Mama, basi. Unajiumiza."

"Njoo," nikamwambia. "Weka mkono wako hapa begani."

Akauweka. Nikapandisha vidole ukutani, na najua alisikia chini ya kiganja chake jinsi bega lilivyokwaruza, likakwama, kisha likaachia kidogo. Tulirudia. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyenikumbusha mazoezi, tena kwa ukali kuliko yule daktari.

Vidole vilipanda hadi usawa wa kizingiti cha dirisha, vikapita, vikafika usawa wa macho yangu. Hapo vikasimama. Mpaka leo havijapita hapo, na daktari ameniambia huenda ndipo mwisho wake.

Basi akaja msichana mmoja anayefanya kazi hotelini Diani, ambaye nilimsuka tangu akiwa mtoto. Alikuwa anaolewa.

"Nimesikia umeacha," akasema. "Nimekuja kukuuliza mwenyewe."

"Kaa chini," nikamwambia.

Akatafuta kiti.

"Siyo kitini. Chini, mkekani."

Zamani wateja walikaa kitini nami nikasimama nyuma yao, mikono juu. Sasa nilikaa mimi kitini, yeye mkekani kati ya magoti yangu, na kichwa chake kikawa pale ambapo mkono wangu unafika. Wifi, aliyekuwa amekuja kusaidia mambo ya harusi, aliuliza bibi harusi anakalishwaje chini.

"Ndiko mkono wangu unakofika," nikasema.

Nilisuka tangu asubuhi hadi karibu na alasiri, nikipumzika bega linapowaka, nikimwomba binti alikande, kisha naendelea. Mistari ilinyooka. Msichana alijitazama kwenye kioo upande huu na upande huu, akapitisha kidole kwenye njia za nywele, akanibusu mkono. Ule wa kushoto.

Asubuhi iliyofuata bega liliuma mpaka binti akanivisha dera yeye. Akanifunga mtandio, halafu akaniuliza kama awaambie wale wateja wawili waliopiga simu waje Alhamisi.

"Waje," nikamwambia. "Lakini waje na mito yao ya kukalia."