Masera Amekula Kuku

Mwaka wa 1953 nilikuwa na miaka kumi na moja, na hapo ndipo taabu ilinianza. Baba alikufa kwa kifua. Mama alikuwa ametangulia zamani. Nikapelekwa kwa baba mdogo, upande wa Kabambare, kwenye mashamba ya pamba. Pamba ya wakati wa Wabelgiji haikuwa jambo la kupenda ao kukataa. Kila nyumba ililima sehemu yake, na mwenye kuchelewa alijua fimbo. Siku niliyofika, baba mdogo alinitazama mikono kabla ya kunitazama uso. Shule nilikuwa nimesoma mwaka wa kwanza na nusu ya wa pili. Akasema inatosha.

Nayasema haya wazi, maana watu wakiniona leo wanadhani nilizaliwa ndani ya nyumba ya matofali.

Kiangazi kilichofuata, pamba ilipokwisha kupimwa, kapita wa kijiji, msimamizi wa pamba, alileta neno. Masera wa misioni ya Kasongo walitaka wasichana wa vijijini, kila kijiji mmoja, waje kulala kwao wakati wa likizo kubwa. Masera ndivyo tulivyowaita watawa wa kike wa kizungu. Wasichana wangecheza, wangeimba, wangejifunza kushona na kufua, kisha wangerudishwa kwao. Mwanamke mmoja akauliza kama hao wasichana watarudi na damu yao yote, maana siku zile ilisemwa Wazungu wanakunywa damu. Kapita mwenyewe alikuwa na mabinti watatu, na kesho yake wote watatu waliumwa tumbo. Ndipo wakanikumbuka mimi. Nilichaguliwa kwa sababu nikipotea hakukuwa na wa kunililia, isipokuwa nyanya yangu, mama yake mama, aliyekaa kijiji kingine, na yeye hakuulizwa.

Nilikwenda Kasongo juu ya kamio, lori la pamba, nimekaa kwenye magunia ya pamba. Pamba ile ile iliyonipasua vidole ikanibeba kama mtoto wa chifu. Sijalalia tena kitu laini vile, na leo nina godoro.

Misioni ilikuwa tupu kwa sababu ya likizo, na sisi tulipewa chumba kirefu cha wanafunzi, chenye vitanda vya chuma kwa mistari miwili. Kila mmoja kitanda chake, blanketi yake, kipande chake cha sabuni. Ile sabuni! Hata sasa nikisikia harufu yake sokoni nasimama kidogo, na wajukuu wananivuta mkono. Masera aliyetulinda alikuwa kijana, uso umejaa madoadoa mekundu, filimbi shingoni. Akipuliza tunaamka, akipuliza tunaoga, akipuliza tunakula. Kiswahili alikijua, lakini kile cha kanisani, kwa hiyo hata akiomba chumvi ilikuwa kama anasali.

Jirani yangu wa kitanda alikuwa msichana wa Nyangwe, binti wa mvuvi. Alikuwa na mdomo, huyo.

"Weye mutu wa pamba," aliniambia siku ya kwanza, "kwenu munaoga na nini? Na majani?"

"Na maji. Kwenu munaoga na samaki?"

Akacheka, akanikalisha chini, akaanza kunisuka. Toka hapo tukawa ndugu.

Sasa, vitanda. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulala peke yake. Kwetu msichana analala na wadogo zake, ao na nyanya yake, mgongo kwa mgongo. Kitanda cha peke yako ni cha mgonjwa ao cha maiti. Asubuhi ya kwanza Masera aliingia na filimbi yake, akakuta vitanda vyote vitupu, vimetandikwa vizuri sana. Akapiga kelele akidhani tumetoroka. Sisi tulikuwa kwenye kona, chini, wote, blanketi zimeunganishwa, tumebanana kama vifaranga.

"Watoto, vitanda ni vya nini?" akauliza.

"Ni vizuri, Masera," msichana wa Nyangwe akajibu. "Tumeviacha visichafuke."

Alijaribu siku chache, kisha akachoka. Akatuletea mikeka. Hapo nikaanza kumpenda.

Asubuhi tulitwanga mpunga, watatu kwenye kinu kimoja, michi ikipishana, na nyimbo. Mchana tulikwenda mtoni kufua, nguo zikaanikwa juu ya majani, tukacheza mpaka zikauke. Hakuna aliyeniita shambani. Hakuna aliyenihesabia vikapu. Nilinenepa. Nilijua kicheko changu kwa mara ya kwanza, kumbe ni kikubwa vile.

Lakini kitu kilichonikamata ni mashini ya kushona. Ilikuwa nyeusi, ya kuzungusha kwa mkono, kwenye chumba kidogo karibu na jikoni. Masera alitufundisha zamu kwa zamu. Wengine walivunja sindano wakakimbia. Mimi nilipozungusha, kitambaa kikaenda chenyewe na mshono ukatoka umenyooka. Nikafikiri: mikono hii ambayo baba mdogo aliitazama, kumbe inajua kitu kingine. Tangu siku ile nikajua kwamba nikirudi kwenye pamba nitakufa. Sisemi kufa kwa ugonjwa. Nasema kufa.

Siku moja baada ya chakula Masera alisimama mbele yetu.

"Nataka msichana mmoja abaki nami, anisaidie kwenye chumba cha kushona. Atalala hapa, atakula hapa, atajifunza kazi. Anayetaka anyooshe mkono."

Hakuna mkono ulioinuka. Wote tuliangalia miguu yetu. Kwetu mtoto hamnyooshei mkubwa mkono kwamba anataka kitu. Huo ni ulafi. Mtoto akitaka, wakubwa wake wanamsemea. Mimi nilikalia mikono yangu. Masera akangoja, akatutazama mmoja mmoja, uso ukamshuka.

"Basi," akasema. "Hakuna anayetaka. Nimeelewa."

Hakuelewa kitu.

"We mujinga," msichana wa Nyangwe akaniambia tukiwa mtoni. "Mate yalikuwa yanakutoka kwa ile mashini. Kwa nini haukusema?"

"Na weye ungesema?"

Akakamua nguo aliyoshika. Kisha akasema: "Huna mukubwa wa kukusemea?"

Nilikuwa naye mmoja tu. Dereva wa kamio ya pamba alikuwa anapita kijiji cha nyanya, na nilimpigia magoti kabisa. "Umwambie nyanya aje. Umwambie ni neno la maisha."

Nyanya alikuja kwa miguu, siku ya mwisho, wakati misioni inapika karamu ya kutuaga. Vumbi mpaka magotini, kichwani kikapu, ndani ya kikapu kuku jike mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba. Nilimweleza yote nyuma ya jiko. Hakuuliza mara mbili. Akajifunga kikwembe vizuri, akaenda mbele ya Masera, akapiga goti moja, akaweka kuku chini.

Kwetu neno kubwa linatanguliwa na kuku. Unamweka chini, unanyamaza. Asiyetaka neno lako anakurudishia kuku na kamba yake, bila matusi, na mnabaki salama. Lakini akimchukua akamla, amekubali neno linalokuja nyuma.

Masera akapiga makofi kama mtoto.

"Asante sana, Mama! Kuku mzuri! Leo leo tutamla!"

Nyanya akanitazama. Mimi nikamtazama nyanya. Kuku akaenda jikoni.

Karamu ilikuwa wali na kuku na sombe, majani ya muhogo, yenye mawese mengi. Nyanya aliketi ukutani, hakula, alitazama mdomo wa Masera tu. Mwisho akanivuta sikio.

"Amemeza?"

"Amemeza, nyanya."

"Na muchuzi?"

"Na muchuzi."

"Ni kuku wetu mwekundu? Si wengine?"

"Niliangalia chungu mwenyewe."

"Basi." Akasimama, akakung'uta kikwembe, akaniwekea mkono kichwani. "Kaa vizuri. Usivunje vitu vya watu." Akaenda zake. Sikumwona tena akiwa hai, na ndiyo sababu siwezi kuandika haya bila kufuta macho.

Kesho yake kamio ilikuja. Wasichana wakapanda wakilia na kuimba pamoja. Wa Nyangwe, aliyengoja mtumbwi wake, alinipungia mkono kutoka barabarani. Mimi nilikaa juu ya ngazi na mzigo wangu.

"Panda, mtoto wangu," Masera akasema. "Wanakungoja."

"Siendi, Masera."

"Kwa nini?"

"Umekula kuku."

Mama mpishi alikuwa mlangoni, akaangua kicheko hata akaketi chini. Masera akamwuliza ni nini. Akamweleza, huku akijifuta machozi. Madoadoa ya Masera yakapotea, uso mzima ukawa mwekundu.

"Na kama nikimrudisha?"

"Utarudisha nini, Masera?" mpishi akasema. "Mifupa? Imbwa imekwisha kuibeba."

Dereva alipiga honi. Masera alinitazama muda, kisha akanitazama mikono. Nikaogopa, nilijua mtazamo ule. Lakini akaishika, akaigeuza, akaona mikwaruzo ya pamba.

"Ungeniambia tu," akasema.

"Nimekuambia na kuku."

Akamwonyesha dereva aende.

Mvua za kwanza baba mdogo alikuja kunichukua, maana kupanda kulikuwa kumefika. Alikuja na sauti kubwa tangu mlangoni. Mimi nilijificha chini ya meza ya mashini. Nikasikia Masera akimwambia, kwa Kiswahili chake cha kusali: "Baba, nimekula kuku wa nyanya yake."

Baba mdogo akauliza pole pole: "Alimuleta na kamba?"

"Na kamba."

"Na ukamula?"

"Nikamla wote."

Akaomba maji ya kunywa. Akanywa, akarudisha kikombe, akaenda. Hakuwa mtu mzuri, lakini kuku ni kuku.

Nilishona pale mpaka Wabelgiji wakaondoka na Masera akaondoka nao. Aliniachia ile mashini. Nikaibeba kichwani mpaka sokoni Kasongo, nikaiweka chini ya kibanda, nikaanza.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitano, mabati juu. Nina mashini nne, tatu za mguu, na ile nyeusi ya mkono ambayo haiuzwi. Nina meza ya kukatia, pasi mbili za makaa, shamba la mpunga upande wa Lusangi, mbuzi sita, kinu, godoro. Vitanda ninavyo vitatu. Wajukuu wanalala wote kwenye kimoja. Kuku ninao pia, wengi wekundu.